Herufi Ambazo Baba Aliziacha Nje

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili ili wenzangu wa dawatini wasilisome. Shuleni kwetu Kiswahili ni somo ambalo wengi wanalifanyia mtihani na kuliacha getini, kwa hiyo hata nikilisahau wazi mtu ataona mistari tu. Nyumbani ni tofauti. Baba na Mama walitoka mashariki ya Kongo kabla sijazaliwa, na Kiswahili ndicho tunachogombana nacho na kupatana nacho, ingawa cha Baba kimepinda kwa namna yake na cha Mama kimenyooshwa na Biblia anayosoma kila asubuhi. Tunakaa Bukoto, hapa Kampala, nyuma ya maghorofa, upande ambao maji hufika siku yakitaka.

Nina daftari lingine, la maneno ya Kiingereza yanayofanana kama ndugu. Lilianza na ripoti yangu ya mwaka jana. Mwalimu wa darasa aliandika chini kabisa kwamba mimi ni msichana "quite". Alitaka kusema "quiet", yaani kimya, lakini herufi mbili za mwisho zilibadilishana viti, na nikawa msichana "kiasi". Nilikaa na ripoti ile kitandani nikiitazama. Sikucheka. Nilijiuliza tu: kama mwalimu mwenyewe anateleza hapo, hapo pana nini? Nikaandika maneno yote mawili kwenye ukurasa mtupu. Siku iliyofuata nikaongeza "lose" na "loose", moja ni kupoteza na jingine ni kulegea, na kinachoyatenganisha ni duara moja. Kisha "advice" na "advise". Nilianza kuona kwamba Kiingereza kina maneno yanayovaa sare moja, na mtu akipita haraka anamsalimia asiyemfahamu.

Kiswahili hakinifanyii hivyo. Unachosikia ndicho unachoandika, basi. Kiingereza kina herufi zinazokaa ndani ya neno bila kusema chochote, kama mimi darasani, na mwalimu akizikosa anakupa alama nyekundu. Nilitaka sana kujua zinafanya nini mle ndani.

Muhula huu, Sinia ya Tatu, yaani kidato cha tatu, mwalimu wa Kiingereza alituletea kazi mpya. Yeye ni mama mmoja mrefu kutoka upande wa mpaka wa Kenya, anayefundisha akiwa amekaa juu ya meza. Alisema kila mmoja aende mjini, akusanye makosa ya Kiingereza kwenye vibao na kuta, aandike ameyaona wapi na yamekosewa nini. Mkusanyo mzuri kuliko yote utabandikwa kwenye ukumbi siku ya wazazi, na aliyeukusanya atasimama mbele kuwaeleza wazazi kosa moja moja.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliitaka nafasi ile kuliko kitu kingine chochote. Kusimama mbele ya watu kunaniogopesha kuliko mbwa. Lakini katika mambo yote ya shule, hilo lilikuwa la kwanza ambalo nilijua ninalijua kuliko wengine.

Sina simu, kwa hiyo nilichora. Nilisimama ng'ambo ya barabara na penseli, nikachora kila herufi jinsi ilivyo. Nakasero, nje ya soko, kuna meza ya matunda yenye kibao kinachosema "FLUITS", na najua imetoka wapi, kwa sababu hapa Kampala L na R ni majirani wanaoingiliana bila kubisha hodi. Karibu kila mahali pa kusuka nywele pameandikwa "SALOON", ambayo kwa Kiingereza cha kitabuni ni mahali pa kunywea pombe, na hakuna mwanamke aliyewahi kuingia akaagiza bia. Duka la kalamu na karatasi njiani kwenda shule limeandikwa "STATIONARY", neno la kitu kisichotembea. Nilitamani kumwuliza mwenye duka kama anajua. Nilipita mara nne, mara ya tano akaniuliza yeye, akiniita bibie kwa Kiganda, "Nyabo, unatafuta nini?" Nikanunua rula ambayo sikuihitaji.

Siku nyingine Mama alinituma Kawempe kumpelekea mwenzake wa kanisani vitenge, na huko nikapata mavuno mengi zaidi. Nilikuwa nachora kibao cha nyumba ya wageni, nimefika kwenye S, nikaona mkono wangu unaenda wenyewe. Haukusubiri macho. Ile S ilikuwa na tumbo kubwa chini kuliko juu, kama mtu aliyetoka kula, na mkia wake uliinuka kidogo mwishoni. Nimeichora S hiyo tangu nikiwa na miaka minne. Baba ndiye aliyenifundisha.

Baba anachora vibao. Hiyo ndiyo kazi yake, vibao na kuta za maduka, kwa brashi na rangi ya mafuta, ingawa sasa wengi wanakwenda kuchapisha mabango ya plastiki. Kabla ya kuandika hupiga uzi wa chaki ukutani ili herufi zisimame juu ya mstari, kisha huzichora kwa penseli, kisha hujaza rangi. Nilirudi nyumbani nikakagua michoro yangu yote. Ilikuwa ishirini na mitatu. Kumi na mmoja ilikuwa na S ya Baba, au R yake inayorusha mguu.

Mwanzoni sikuogopa, kwa sababu naijua kanuni yake. Baba hachori neno la mdomo. Mteja lazima aandike mwenyewe kwenye karatasi, kwa mkono wake, na atie sahihi. Zamani kidogo mwenye bucha mmoja alikataa ukuta uliokwisha kukauka, akadai hakusema hivyo, na Baba akakwangua siku nzima. Tangu hapo kila karatasi inakwenda kwenye mkebe wa maziwa ya unga chini ya kitanda. Akiulizwa kuhusu maneno husema yeye anachora, kuandika ni kwa mwenye duka. Alisoma Kongo, kwa Kifaransa, miaka minne. Kwa hiyo nilijiambia makosa ni ya wateja, si yake, na nikaendelea kuota ukumbi.

Ila sikuweza kuacha bila kuhakikisha. Jumapili mchana, Baba akiwa uani na Mama bado kanisani kwenye kwaya, niliuvuta mkebe nikamwaga karatasi kitandani. Zilinuka tina, ile dawa ya kuoshea brashi. Kulikuwa na vipande vya daftari, migongo ya kadi za harusi, hata kipande cha boksi la sabuni. Nikaanza kulinganisha na michoro yangu.

Saba zilikuwa kama nilivyotarajia: mteja alikosea, Baba akachora kosa lake vizuri kabisa. Nne hazikuwa hivyo. Kwenye karatasi neno lilikuwa sahihi, ukutani halikuwa. Duka la jumla liliandikwa "HOLESALE", bila W. Fundi bomba alikuwa "PLUMER", bila B. Duka la vitafunwa lilikuwa na "BISCITS", bila U, na ile nyumba ya wageni ya Kawempe ilikuwa "GEST HOUSE", nayo bila U.

Nilizipanga zote nne mstari mmoja juu ya shuka. Kama ungekuwa uzembe, ungeangusha herufi yoyote. Lakini hizi zote ni herufi ambazo mdomo hauzitamki. Hakuna hata moja aliyoiacha ambayo inasikika. Mtu aliyesoma Kiingereza hana haja ya kulijua hilo, anaziandika tu kwa mazoea. Aliyefanya hivi alilisikiliza kila neno kwanza. Nikahisi kitu ambacho sijui nikiite nini, kama nimekutana na mtu wa daftari langu.

Nilitoka uani na karatasi nne mkononi bila kufikiria vizuri. Baba alikuwa anasafisha brashi.

"Baba, hapa uliiacha W kwa nini?"

Aliitazama karatasi, akatabasamu. "Ukuta ilikuwa mufupi, mama."

Huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Akanieleza akichora hewani kwa brashi: mlango uko hapa, dirisha liko hapa, mwenye duka anataka herufi kubwa za kuonekana toka barabarani. Nafasi inatosha herufi nane, neno lina tisa. Kuzibana zote hataki, ukuta unakuwa mbaya. "Basi nasikiliza moja moja. Ile inanyamaza, naacha nje. Hakuna mutu amewahi kurudi kuniuliza."

Nilicheka, yeye akacheka. Ilikuwa nzuri kama dakika mbili. Kisha akauliza nani alinituma kwenye mkebe, na mimi, nikiwa bado na furaha ya kuelewa, nikamwambia yote. Mwalimu, makosa, ukumbi, siku ya wazazi.

Baba aliendelea kufuta brashi ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Na ile siku, wazazi tumealikwa?"

"Mmealikwa."

Alichukua karatasi, akaingia ndani, na baadaye nikaona mkebe umehamia juu ya kabati. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Nikazitoa kurasa zote kumi na moja za vibao vyake, zenye kosa lake na zenye kosa la mteja, kwa sababu mkono ni mmoja na mtu wa mtaani akiuona hatauliza karatasi ilisemaje. Nikapeleka kumi na mbili. Mwalimu alizipitia, akaniambia michoro ni mizuri, akaniuliza kama ndizo zote. Nikasema ndizo zote. Sijazoea kudanganya kwa sauti. Kwa kawaida nadanganya kwa kunyamaza.

Aliyeshinda ni msichana wa dawati la mbele, Mnubi wa Kawempe, ambaye baba yake ana magari ya mizigo na ambaye anaweza kuongea na mwalimu mkuu kama anaongea na shangazi yake. Alileta picha thelathini alizopiga kwa simu ya kaka yake. Yeye ndiye pekee darasani anayenisemesha Kiswahili, na huniita bubu, si kwa ubaya sana. Jumatano picha zilibandikwa. Alinivuta mkono nikaone. "Njoo bubu, uone nilivyokupiga bao." Nikazipitia moja moja, na kwenye safu ya pili, kubwa na ya rangi, ikawepo "GEST HOUSE". Tumbo la S lilikuwa linang'aa.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na siku mbili na jioni moja za kumzuia Baba asije, au za kumwambia msichana yule atoe picha moja tu. Sikufanya hata moja. Barua ya mwaliko Baba alikuwa ameshaitia mfukoni mwa shati la kutokea. Nilimwambia Mama, nikitumaini atalibeba yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele. "Mwambie wewe. Mimi sikuingia mkebeni," akasema. Ijumaa jioni nilisimama mlangoni Baba akipiga shati pasi, akaniuliza kama kuna kitu. Nikasema hakuna.

Walikuja wote wawili. Baba alivaa lile shati na viatu ambavyo havina tone la rangi. Tukakaa katikati ya ukumbi. Msichana yule alisimama mbele ya picha na kijiti, na lazima niseme alikuwa mzuri kuliko vile ningekuwa mimi. Wazazi walicheka kwenye "SALOON". Walicheka zaidi kwenye "FLUITS", baba mmoja akasema kwa nguvu kwamba hicho ni kibao cha shemeji yake. Mimi nilikuwa nahesabu zilizobaki kabla ya safu ya pili. Nilipomtazama Baba kwa pembeni niliona ameshaiona. Alikuwa haangalii kijiti. Anaangalia kule kilikokuwa kinaelekea.

Kijiti kikafika.

"Hapa wamekula U," msichana akasema kwa Kiingereza. "Nadhani huyu fundi aliacha shule Praimari ya Tatu."

Ukumbi ukacheka. Haukuwa mcheko mbaya, ni ule wa watu waliokaa viti vigumu muda mrefu. Mama aliweka mkono juu ya pochi yake. Baba akanyoosha kidole juu, kama mwanafunzi, na akakishikilia hapo mpaka mwalimu akamwona.

Aliuliza kwa Kiswahili, na kwa kuwa mwalimu ametoka mpakani alimjibu kwa Kiswahili pia. Swali lilikuwa moja.

"Mwalimu, ile U imekosekana, kazi yake ni gani?"

"Ndivyo neno linavyoandikwa, mzee."

"Nimesikia. Lakini kazi yake?"

Mwalimu aliigeukia picha. Alimtazama msichana, msichana akatazama kijiti chake. Watu wa nyuma walianza kuulizana mzee amesema nini. Na mimi nilikuwa najua. Tangu Jumapili ile ya mkebe nilikuwa nimekwenda maktaba mara tatu kuzitafutia kazi herufi nne, na moja nilikuwa nimeipata. Nilikuwa nayo mdomoni kama punje ya mahindi. Sikusimama kwa ushujaa, nataka hilo lieleweke hata kama ni mimi mwenyewe ninayesoma. Nilisimama kwa sababu mtu ameuliza swali langu.

"Baba, inailinda G."

Neno la kwanza lilitoka kabla sijalifikiria, na vichwa vyote vikageuka, kwangu kwanza, halafu kwake. Nikaendelea kwa kuwa kukaa kungekuwa vibaya zaidi. Nilisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, sauti ikipanda na kushuka, kwamba G ya Kiingereza ikiona E mbele yake mara nyingi hulainika na kusomeka kama J. U imesimama katikati ili zisionane. Haisemi kitu kwa sababu kazi yake si kusema.

"Kumbe," Baba akasema. Aliniambia mimi tu, kama tuko uani.

Msichana wa mbele alikuwa amekunja uso, akifikiri. "Na 'get' je?" akauliza, bila utani hata kidogo. "Ina G, ina E. Mbona haina mlinzi?"

Sikujua. Nilisema sijui. Mwalimu akasema hata yeye hajui, na atatafuta. Hapo Baba akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu mpaka kwenye picha, akaitazama kwa karibu jinsi anavyotazama kazi kabla ya kuosha brashi. Akawageukia wazazi.

"Hii kazi ni yangu," akasema. "Ukuta ilikuwa mufupi. Lakini nilifikiri ile herufi imekaa bure."

Baadhi ya watu walicheka tena, wengine wakapiga makofi kidogo bila kujua kama inafaa. Msichana alikuwa ameweka mkono mdomoni. Tulipotoka nje kunywa soda alinikimbilia. "Bubu, kwa nini hukuniambia? Ningeitoa mara moja." Nikamwambia sikujua nianzeje. Akauliza kama baba yangu ameudhika. Nikasema sitajua mpaka tufike nyumbani, na huo ulikuwa ukweli, kwa sababu Baba alikuwa amesimama na mwalimu karibu na geti wakiongea, na mgongo wake haukuniambia kitu.

Tulirudi kwa miguu. Mama alitangulia na jirani yetu. Tulipopita kituo cha mafuta Baba akauliza.

"Na ile B ya fundi bomba?"

"Hiyo sijaipatia kazi bado."

"Na W?"

"Bado."

Akatikisa kichwa, lakini kama mtu anayeweka jambo mahali pake. Hatua kadhaa mbele nikamwambia kwamba Ijumaa, alipokuwa akipiga pasi, nilikuja kumwambia kuhusu picha ile, nikashindwa. Akasema alijua nilikuja na kitu. Alifikiri nataka kumwomba asije, na alikuwa ameamua akisikia hivyo hatakuja. Kisha tukaenda sambamba, na sikuwa na haraka ya kufika.

Karibu na kwetu akaniambia Jumatatu baada ya shule atakwenda Kawempe kwa mwenye ile nyumba ya wageni. Herufi moja haiwezi kuchomekwa hivihivi, safu nzima itakwanguliwa na kupangwa upya, nyembamba zaidi, na atahitaji mtu wa kushika uzi upande wa pili. Nikamwuliza kama mwenye nyumba atakubali ukuta wake ukwanguliwe, maana watu wameuzoea ulivyo.

"Hilo tutaenda kuuliza," Baba akasema. "Na utauliza weye."